Urithi wa Ulimi: Riwaya ya Washington Square na Filamu ya The Heiress

Kuna mazoea miongoni mwa wahakiki ya kuipima filamu iliyotokana na riwaya kwa kuhesabu yaliyoachwa. Mhakiki hukaa na kitabu mkononi kama karani wa bandarini mwenye orodha ya shehena, akitia alama kwa kila kilichoshuka melini na kila kilichopotea njiani, na mwishowe hutoa hukumu kwamba filamu ni aminifu au kwamba imeisaliti riwaya. Njia hiyo ni nyepesi, lakini inaliacha swali kubwa bila jibu: hayo yaliyoachwa yamekwenda wapi? Kwani riwaya inapogeuzwa kuwa filamu, kitu kilicho muhimu kweli ni nadra kupotea bure. Mara nyingi huhama. Huhamia kwa mhusika mwingine, au kwenye vazi, au hata kwenye ngazi ya nyumba. Makala haya yanakusudia kulichunguza jambo hilo kwa mfano mmoja, yaani filamu ya The Heiress iliyoongozwa na William Wyler mwaka 1949, ambayo asili yake ni riwaya ya Henry James iitwayo Washington Square, iliyotolewa mwaka 1880. Hoja inayotetewa ni kwamba msimulizi wa James, ambaye filamu haina pahali pa kumweka, hakufa. Sauti yake ya kinaya alipewa baba, na kutoka kwa baba ikarithiwa na binti. Uhamisho huo ndio ulioipa filamu nguvu yake, na ndio vile vile ulioibadili maana ya hadithi.

Kisa chenyewe hakina mambo mengi. Austin Sloper ni daktari mashuhuri wa New York katikati ya karne ya 19. Katika riwaya amefiwa na mwanawe wa kwanza, mvulana wa miaka mitatu, kisha na mkewe, kabla ya majuma mawili kutimia tangu kuzaliwa binti. Binti huyo, Catherine, ameachiwa na mama yake mapato ya dola 10,000 kwa mwaka, na baba akifa atapata mengine yakaribiayo maradufu ya hayo. Si mrembo, si msemaji, na machoni pa baba yake hana akili. Anatokea kijana mzuri wa sura, Morris Townsend, asiye na kazi wala fedha, ambaye anampenda au anajifanya kumpenda. Baba anaamini kwamba kijana anafuata mali. Shangazi, Bi. Lavinia Penniman, dadake daktari, mjane aliyejaa ndoto za mapenzi ya vitabuni, anawachochea wapendanao kwa raha zake mwenyewe. Baba anampeleka binti Ulaya ili asahau, hasahau. Mwishowe Morris, akiisha kutambua kwamba baba hatalegeza kamba, anatoweka. Miaka inapita, anarudi, na Catherine anamkataa.

James aliipata mbegu ya kisa hiki mwezi wa Februari 1879 kutoka kwa mwigizaji Fanny Kemble, aliyemsimulia habari za ndugu yake mwenyewe: kijana mzuri wa sura na mtupu wa mfuko, aliyemposa binti wa tajiri na kumwacha baada ya kujua kwamba baba angemnyima binti urithi. James aliyaandika hayo katika daftari lake. Kisha akafanya jambo la busara: akakitoa kisa Uingereza na kukipeleka New York, kwenye mtaa aliouzoea. Yeye mwenyewe alizaliwa mwaka 1843 karibu na uwanja huo wa Washington Square, na bibi yake aliishi pale. Hivyo riwaya imekuwa pia picha ya mabwanyenye wa mji huo katika miaka ya 1840, watu ambao biashara iliwafanya matajiri kisha ikawafuata hadi milangoni mwao na kuwasukuma wahame tena kuelekea kaskazini ya kisiwa. Mhusika mmoja mdogo, Arthur Townsend, husema kwa fahari kwamba atakuwa akihama nyumba kila baada ya miaka michache. Daktari Sloper yeye alijenga mara moja na hahami. Tofauti hiyo ndogo inatosha kumweleza.

Lakini nguvu ya riwaya haimo katika kisa. Imo katika sauti ya anayekisimulia. Msimulizi wa James husema "mimi" bila haya. Ni mtu wa adabu, mwenye elimu, na mwenye dhihaka inayofichwa nyuma ya heshima. Huanza kwa kumsifu daktari kwa kirefu mno hata msomaji mwangalifu huanza kushuku. Anapofika kwa Catherine hana sifa za kutoa, ila ungamo: kwamba binti huyu alikuwa mlafi kidogo alipokuwa mdogo, na senti zake alizimaliza kwa keki za malai. Msomaji hucheka. Na hapo ndipo mtego ulipo. Katika sura za mwanzo msimulizi na daktari wana ulimi mmoja: wote wawili ni werevu, wote wawili wanamtazama msichana kwa macho ya mtu aliyekaa kitini akimwangalia mdudu. Msomaji, anayependa kuhesabiwa miongoni mwa werevu, hukaa nao. Kisha taratibu, bila tangazo, msimulizi anajitenga na daktari. Dhihaka zake dhidi ya Catherine zinapungua. Dhidi ya daktari zinazidi. Msomaji anapozinduka, anajikuta amebaki peke yake upande wa baba, na amekuwa akicheka pasipostahili kuchekwa. Ni hila ya usimulizi peke yake. Haiwezi kutendwa na mhusika yeyote, kwa sababu haihusu wahusika; inahusu msimulizi na msomaji.

Basi mtu anayetaka kuigeuza riwaya hiyo kuwa mchezo au filamu afanye nini na sauti kama hiyo? James mwenyewe hakuwa na bahati na jukwaa. Mchezo wake wa Guy Domville ulipotolewa London mwezi wa Januari 1895, alizomewa alipojitokeza mbele ya watazamaji. Na riwaya yenyewe ya Washington Square hakuithamini sana. Alipozikusanya kazi zake kwa toleo kubwa la New York, lililochapishwa kuanzia mwaka 1907 hadi 1909, aliiacha nje. Ilibakia kwa watu wengine, mke na mume Ruth na Augustus Goetz, kuona mchezo uliolala ndani ya kitabu hicho. Mchezo wao, The Heiress, ulioneshwa Broadway mwaka 1947, Wendy Hiller akiwa Catherine na Basil Rathbone akiwa daktari. Olivia de Havilland aliuona, akamshawishi Wyler aufanye filamu, na akina Goetz wenyewe wakaandika mswada wa filamu hiyo kwa kampuni ya Paramount. Njia ya kazi hii, kwa hiyo, ilipitia vituo vitatu, na mabadiliko mengi ambayo watazamaji humsifia au kumlaumia Wyler yalitendeka katika kituo cha pili.

Filamu ingeweza kumrudisha msimulizi kwa kuweka sauti inayosikika juu ya picha. Filamu nyingi za Hollywood za miaka hiyo zilifanya hivyo, na ni jambo la kushukuru kwamba hii haikufanya. Badala yake, dhihaka zote zilizokuwa za msimulizi zimewekwa kinywani mwa daktari. Mfano mzuri ni tukio la gauni. Katika riwaya, Catherine anakwenda kwenye sherehe amevaa gauni la hariri nyekundu lenye mapambo ya dhahabu. Kabla baba hajasema lolote, msimulizi amekwisha kulitania gauni hilo na ladha ya mvaaji. Baba anamalizia tu, kwa kusema kwamba binti anaonekana kama mwenye mapato ya dola 80,000 kwa mwaka. Ni mzaha wa fedha. Unauma, lakini hauchomi sana. Katika filamu gauni ni jekundu vile vile, ila sasa kuna sababu: binti amechagua rangi hiyo kwa kuwa mama yake aliipenda. Baba anamtazama na kumkumbusha kwa upole kwamba mama yake alikuwa na nywele na ngozi nyeupe zaidi, naye aliitawala rangi ile. Haongezi neno. Ralph Richardson, aliyeigiza nafasi ya daktari, anayasema hayo kwa sauti ya mtu anayetoa maelezo ya kitaalamu, kama anavyoweza kumweleza mgonjwa hali ya ini lake. Mzaha wa msimulizi umegeuka kuwa hukumu ya baba, na mtazamaji hawezi tena kucheka na kusahau, kwa sababu uso wa aliyepigwa uko mbele yake.

Hapa ndipo filamu inapopoteza kitu na kupata kingine. Imepoteza ule mtego wa James, kwani mtazamaji hawezi kukaa upande wa daktari kwa muda mrefu huku akimwona Olivia de Havilland akitafuta pahali pa kuweka mikono yake. Huruma inaanza mapema mno. Lakini imepata chanzo kinachoonekana cha hali ya Catherine. Katika riwaya Catherine ni mzito kwa tabia, alizaliwa hivyo. Katika filamu amefanywa kuwa mzito. Akiwa peke yake na shangazi anaweza kusimulia jambo kwa mzaha, hata kwa werevu; baba anapoingia, maneno yanamkauka. Akina Goetz wameleta nadharia yao, na ni nadharia ya karne ya 20: kwamba mtoto aliyeambiwa kila siku kuwa hana thamani hatimaye huamini. James hakusema hivyo popote, ingawa mtu akiisoma tena riwaya baada ya kuiona filamu, huanza kuona kwamba hakulikana jambo hilo pia.

Nyumba nayo inastahili kutajwa, kwa kuwa sehemu kubwa ya yale ambayo James aliyaeleza kwa sentensi ndefu, Wyler ameyaeleza kwa milango. Harry Horner, mmoja wa waliotengeneza mandhari, aliijenga nyumba hiyo kana kwamba ingekaliwa kweli, yenye vyumba vinavyofunguka kimoja baada ya kingine, vioo, na ngazi ndefu inayoanzia karibu na mlango wa mbele. Wyler alikuwa fundi wa picha zenye kina, ambamo aliye karibu na aliye mbali huonekana waziwazi kwa pamoja, kwa hiyo mtazamaji humwona binti sebuleni na wakati huo huo humwona baba akiingia kwa nyuma. Hakuna haja ya msimulizi wa kueleza kwamba nyumba hii ni ya baba. Catherine ni kama mgeni ndani yake mpaka baba afe.

Kuhusu Morris, waandishi wa filamu walichukua uamuzi uliozua mabishano. James humwacha msomaji aelewe mapema kuwa kijana ni mwongo. Daktari anakwenda kumhoji dada wa Morris, mjane mwenye watoto watano, na mwishowe mama huyo anamwomba daktari asimwache binti aolewe naye. Msomaji hana shaka tena. Filamu inaificha hakika hiyo kadiri inavyoweza. Montgomery Clift alikuwa kijana mwenye sura iliyoweza kumfanya mtu yeyote aamini lolote, na Wyler anamtumia hivyo hivyo: mtazamaji anatongozwa pamoja na Catherine. Wapo wahakiki waliosema kwamba huku ni kulainisha riwaya kwa ajili ya biashara ya nyota wa sinema. Huenda biashara ilikuwamo. Lakini matokeo yake kwa sanaa ni mazuri, kwani mtazamaji aliyemwamini Morris anaonja aibu ile ile ambayo msomaji wa James aliionja kwa kumwamini daktari. Mtego umehamishwa kutoka kwa baba hadi kwa mchumba. Ni ushahidi mwingine kwamba kilichoachwa hakikupotea.

Usiku wa kutoroka haumo katika riwaya. Katika kitabu Morris hujitoa polepole, kwa visingizio na barua, na Catherine humeza uchungu wake bila kumwambia mtu. Jukwaa haliwezi kusubiri uchungu wa namna hiyo, na filamu vile vile. Kwa hiyo baba na binti wanaporudi kutoka Ulaya, Catherine anamwambia Morris kwamba waondoke usiku ule ule, na kwa furaha anamwambia pia kwamba hataki tena chochote cha baba yake. Clift ananyamaza kidogo tu. Morris anaondoka kwenda kuchukua vitu vyake. Catherine anakaa sebuleni na mizigo yake, akisikiliza kila gari la farasi linalopita. Kila moja linapita. Shangazi, ambaye amekwisha kuelewa, hamliwazi. Anamlaumu kwa kukosa ujanja wa kunyamaza juu ya fedha. Kumbe hata mtetezi wake alijua siku zote ni nini kilichokuwa kinapendwa.

Kisha anapanda ngazi na mizigo yake. Inasimuliwa kwamba Wyler alimrudisha mwigizaji wake apande mara nyingi bila kuridhika, mpaka de Havilland alipokasirika na kuutupa mzigo mmoja, ndipo mwongozaji akatambua kwamba masanduku yalikuwa matupu, akaamuru yajazwe vitabu. Ikiwa kisa hicho kimepambwa na wasimuliaji, kimepambwa kwa ukweli: katika picha iliyobaki, uzito unaonekana begani. Aaron Copland, aliyetunga muziki, inasemekana alilazimika kuuandika upya muziki wa tukio hilo, kwa kuwa watazamaji wa onesho la majaribio walicheka Morris alipokosa kutokea. Aliandika sauti za kugongana, na kicheko kikakoma. Ni vizuri kukumbuka kwamba kicheko hicho ndicho James alichokitafuta katika sura zake za mwanzo. Kwa James kicheko ni chambo, kwa Wyler ni hatari.

Baada ya usiku huo filamu inaanza hadithi yake yenyewe. Kabla yake, baba amekwisha kumwambia Catherine waziwazi kwamba hana sifa yoyote inayomzidi msichana mwingine ila fedha zake, kisha, kama aliyekumbuka, akaongeza kwamba anatarizi vizuri. Kutoka siku hiyo sauti ya de Havilland inashuka. Huongea polepole, kwa maneno machache, kila neno limepimwa. Mtazamaji anayesikiliza kwa makini atagundua kwamba anaongea kama Richardson. Baba, ambaye kwa kifaa chake cha kitabibu amejipima kifua na kujua kwamba atakufa, anataka ahadi kuhusu Morris. Binti anamletea kalamu na karatasi ili abadili wasia, na anaposita, anamwachia shaka: hatajua kamwe binti atafanya nini na mali hiyo. Ni dawa ya daktari mwenyewe, kwa kipimo cha daktari mwenyewe. Baba akiwa kitandani karibu na kukata roho anamwita. Binti anakaa nje bila kwenda.

Katika riwaya mambo ni kinyume kabisa, na tofauti hii ni kubwa kuliko zote. Huko Catherine anamuuguza baba yake mpaka mwisho kwa bidii. Lakini alipotakiwa kuahidi kwamba hataolewa na Morris, alikataa. Hakukataa kwa kuwa alimtaka Morris, alikataa kwa kuwa hakuna mwenye haki ya kumtaka ahadi hiyo. Daktari akaandika nyongeza ya wasia, akamwachia sehemu moja tu katika tano, na nyingine akazipa hospitali na vyuo vya utabibu. Wasia ulipokwisha kusomwa, Catherine alisema kwamba unampendeza, ila alitamani maneno yake yangekuwa tofauti kidogo. Kauli hiyo ina upole mwingi na ukaidi mwingi kwa wakati mmoja. Catherine wa James hashindi kwa silaha ya baba yake. Hakuwahi kuichukua. Ameumizwa na ulimi mkali maisha yake yote, na hakujifunza kuutumia.

Catherine wa filamu ameujifunza. Miaka kadhaa baadaye Morris anaporudi, amechakaa kidogo, mwenye hadithi ya kwamba alimwacha kwa ajili ya faida yake asinyimwe urithi, Catherine anamsikiliza, anamkubali, anampa vifungo vya yakuti alivyomnunulia zamani Paris, na anamwambia aje usiku. Shangazi anafurahi mno. Catherine anarudi kwenye kiunzi chake, ambako anatarizi herufi za alfabeti, na amefikia ya mwisho. Shangazi anapotambua kinachokuja na kumuuliza anawezaje kuwa mkatili hivyo, Catherine anajibu kwamba anaweza sana, kwani alifundishwa na mabingwa. Anakata uzi. Mlango unabishwa; anamwagiza mtumishi atie komeo; anachukua taa na kuipanda ile ngazi, huku Morris akiita na kupiga mlango gizani. Safari hii hana mizigo.

Ni miongoni mwa miisho yenye nguvu zaidi katika filamu za wakati wake, na haikuwa ajabu kwamba de Havilland alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kike, moja ya tuzo nne za Oscar zilizopewa filamu hiyo mwaka 1950. Hata hivyo haifai kuupokea mwisho huo bila kuuliza umegharimu nini. Watazamaji hufurahi mlango unapofungwa. Hufurahia pigo lililopangwa kwa ustadi, kama lilivyopangwa lile la gauni jekundu. Wale waliomchukia daktari kwa saa moja na nusu wanampigia makofi mwanafunzi wake. De Havilland analijua hilo, na uso wake pale ngazini hauna ushindi wa furaha. Una utulivu wa mtu aliyefunga mahesabu. Wyler naye hauharakishi. Lakini filamu haiwezi kuizuia furaha ya jumba zima la sinema, na hapo ndipo msimulizi wa James anapokosekana kweli, kwa kuwa yeye angekuwapo kunong'ona neno moja la kuitia doa furaha hiyo. Mwisho wa riwaya ni mgumu zaidi: Morris, amenenepa na kuzeeka, anapokewa sebuleni, anaambiwa hapana kwa adabu, anaondoka akinung'unika kwa shangazi, na Catherine anaiokota kazi yake ya kutarizi na kukaa nayo kwa maisha yake yote. Katika filamu uzi unakatwa, katika kitabu unaendelea. Agnieszka Holland aliporudia riwaya hii katika filamu ya mwaka 1997, aliyoiita kwa jina la kitabu, alijaribu kuurudisha ule upole wa Catherine, naye alifanikiwa kwa kiasi. Lakini wengi walioiona walitoka wakiukumbuka mlango wa Wyler.

Kubadilishwa kwa jina nako kunaeleza mengi, na kwa mwanafunzi wa Kiswahili kuna jambo la ziada. James aliipa riwaya jina la pahali. Akina Goetz waliupa mchezo jina la mtu, tena mtu anayetajwa kwa mali yake na kwa jinsia yake, kwa kuwa Kiingereza kina neno mahsusi la mrithi wa kike. Kiswahili hakina. Mfasiri akiandika "Mrithi", jinsia imetoweka, na pamoja nayo ile harufu ya soko la ndoa. Lakini amepata maana pana zaidi, kwani mrithi wa Kiswahili si wa mali tu. Mtu hurithi kazi, tabia, hata maneno ya mzee wake. Kwa filamu hii jina hilo lingefaa kuliko la asili.

Mfasiri atakayethubutu kuihamisha hadithi yote hadi pwani ya Afrika Mashariki atakutana na kizuizi kikubwa zaidi. Kisa chote kimetundikwa kwenye uwezo wa baba kumnyima binti urithi kwa maandishi yake. Katika mirathi ya Kiislamu uwezo huo haupo. Binti wa pekee ana nusu yake iliyokwisha kukadiriwa. Wasia hauvuki theluthi. Na katika kile kinachobaki, akina dada wa marehemu wangekuwa na fungu lao. Bi. Lavinia angekuwa mtu mwingine kabisa. Daktari wa Mombasa angelazimika kutafuta silaha nyingine, na huenda angebaki na ile moja tu ambayo filamu iliitambua, yaani ulimi.

Na kuna kitenzi chenyewe. Kwa Kiswahili Morris anataka kumwoa Catherine, na Catherine anataka kuolewa na Morris. Sarufi imekwisha kugawa nani mtenda na nani mtendwa. Mwanamume anayelishwa na mali ya mke, watu husema kwa kumcheka kwamba ameolewa. Neno hilo moja lina shutuma yote ya daktari dhidi ya Morris, ambayo Kiingereza cha James kinahitaji kurasa kadhaa kuifikia. Mfasiri hatakuwa na shida ya kulipata. Shida yake itakuwa ni nani alitamke. Daktari wa filamu angelitamka mapema, mbele ya binti, akimtazama usoni. Wa riwaya asingelitamka. Angeliwaza, na msimulizi angeliandika kwa niaba yake.